Juliasi Kaizari

Juliasi Kaizari ni tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, iliyofanywa na Julius Kambarage Nyerere. Ilichapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha ikasahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Si jambo la kawaida kwa rais aliye madarakani, kama alivyokuwa Nyerere wakati huo, kutafsiri kisa cha watawala kumuua mtawala mwenzao.

Brutus, rafiki wa Kaizari, anajiunga na njama ya Cassius na wenzake ya kumuua Kaizari. Wanamchoma visu tarehe 15 Machi, 44 KK. Kilele ni mazishi: Antony, rafiki mwingine wa Kaizari, akijidai kuwasifu wauaji, anawageuza raia dhidi yao. Umati wenye hasira unamshambulia hata mshairi Cinna, kwa kuwa tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Nyerere alitumia mashairi yasiyo na vina, mtindo uliokuwa mgeni kwa wengi waliozoea utenzi.

Mshindi wa mwisho wa mapambano yaliyofuata mauaji hayo, Octavius, mjukuu wa dada yake Kaizari, ndiye aliyekuja kuitwa Augusto.