Madigadi ya Mbele ya Gari la Kujiundia

Kitabu chetu hiki cha mwaka aghlabu hubeba khabari za nasaba, ndoa na safari za wazee wetu. Safari hii nawaomba wasomaji wanipe ruhusa nieleze tarikhi ya kitu kidogo, nacho ni madigadi ya mbele ya yale magari ya spoti ambayo watu wa Uingereza huyaunda wenyewe majumbani. Baadhi ya vijana wetu nao wamekwisha ingia katika kazi hii. Mmoja wao ni mtoto wa ndugu yangu, na kwa muda mrefu kila nilipopita bandani kwake niliikuta injini inanguruma na chesi imepakwa rangi, lakini magurudumu ya mbele yako uchi. Madigadi huachwa mwisho, kana kwamba ni pambo tu. Mimi niliyesomesha tarikhi naona kinyume chake: anayetaka kujua magari haya yalizaliwaje, na ayatazame madigadi yake.

Asili ya mambo ni gari dogo liitwalo Austin Seven, lililotoka kiwandani tangu mwishoni mwa 1922 mpaka 1939. Lilikuwa rahisi, jepesi, na chesi yake ilisimama peke yake, hata mtu aliweza kuling'oa bodi zima na kuweka jingine alilolitengeneza kwa mkono. Katika 1939 wenye magari haya wakaunda chama chao, 750 Motor Club. Vita vilipokwisha magari mapya yalikuwa adimu, lakini Austin Seven kuukuu zilijaa katika viwanja vya magari mabovu. Katika 1948 kijana mmoja wa London, Colin Chapman, alichukua moja katika hizo akaivika bodi la mbao na alumini. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza.

Wenzetu wanaokumbuka mabasi ya mbao ya Unguja hawatastaajabu. Fundi wetu naye alipokea chesi ya lori kutoka ng'ambo, akajenga juu yake paa, viti na ubavu. Tofauti ni kuwa yeye aliunda ili watu wapande na yeye apate riziki, na huyu wa Kizungu aliunda apate kushindana siku ya Jumapili.

Sasa tuje kwenye kodi, maana hapo ndipo penye kiini. Tangu 1940 Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi, na ilipofika 1957 kodi hiyo juu ya gari jipya ilikuwa asilimia 60 ya bei ya jumla. Walakini aliyenunua vipande na kuvifunga mwenyewe hakutozwa. Mwaka huo huo wa 1957 Chapman akatoa Lotus Seven, gari la watu wawili, lisilo na milango, ambalo mteja aliweza kulichukua vipande vipande. Husimuliwa kuwa sheria haikuruhusu kumpa mteja maelezo ya kulifunga, basi akapewa maelezo ya kulifungua, naye akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo!

Gari lililokusudiwa kufungwa na mtu asiye fundi lilihitaji maumbo mepesi. Bodi lake likawa la mabamba ya alumini yaliyonyooka, na magurudumu ya mbele yakaachwa nje kabisa. Madigadi yakawa ukanda mwembamba uliopinda juu ya tairi, mfano wa yale ya baiskeli. Baadaye yalikuja madigadi ya namna ya pili, mapana na marefu, yanayoanzia mbele ya gurudumu na kuteremka mpaka ubavuni, nayo yalijulikana khasa kwa magari yaliyokwenda Marekani. Namna hizi mbili zipo mpaka leo. Tarehe 1 Aprili 1973 kodi ya manunuzi ilifutwa ikaja kodi ya ongezeko la thamani, na ile nafuu ya vipande ikaondoka. Mwaka huo huo Lotus waliiacha Seven, na haki ya kuiunda wakaipata Caterham. Sababu iliyolizaa gari ilikufa, na umbo likabaki.

Tena katika 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kuunda gari la mfano huo kwa paundi 250 tu, kwa mabomba ya chuma ya mraba na viungo vya Ford Escort kuukuu. Hapo ndipo kazi ikawafikia watu wa mifuko myepesi, na pamoja nao vijana wetu.

Ama kuyapata madigadi yenyewe, njia ni tatu. Ya kwanza ni kununua yaliyo tayari, ya faiba, kwa wanaouza vipande vya magari haya. Ya pili ni kwenda kwa wauzaji wa trela ndogo, ambako madigadi ya bati au plastiki hupatikana kwa bei nafuu. Ya tatu ni kukunja bamba la alumini mwenyewe. Katika zote tatu cha kwanza ni kupima upana wa tairi, kwa kuwa madigadi membamba kuliko tairi hayazuii kitu.

Kuyafunga ndiko kwenye elimu. Madigadi mapana hushikwa na bodi, wala hayageuki. Ubaya wake ni kuwa gari likienda kasi upepo huingia chini yake na kuliinua pua. Yale ya baiskeli hayawezi kushikwa na bodi, kwani gurudumu hugeuka na usukani na hupanda na kushuka na springi. Basi hutengenezewa mkono wa bomba la chuma, ukafungwa kwa boliti kwenye kile kiungo kinachobeba gurudumu, ili madigadi yaende popote gurudumu liendapo. Ili kupata nafasi iliyo sawa, mafundi hufunga kipande cha mpira wa kumwagilia bustani juu ya tairi, wakayalaza madigadi juu yake, wakatia alama, kisha wakautoa mpira. Halafu usukani hugeuzwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, kuhakikisha hakuna kinachogusa bodi wala bomba la breki.

Mkono huo hauna springi ya kuupumzisha; kila shimo la barabara huupiga. Faiba hupasuka kuanzia kwenye tundu la boliti, kwa hiyo huwekwa washa pana na mpira katikati. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta ni madigadi kukatika njiani na kuangukia gurudumu linaloongoza gari.

Sheria nayo imezidi kukaza. Kanuni za 1986 zinataka gari liwe na kitu cha kuzuia maji na matope yanayorushwa na magurudumu. Tangu 1998 gari la kujiundia lilipaswa kuchunguzwa moja moja kabla ya kupewa namba, na katika 2009 uchunguzi huo ukabadilishwa kwa mwengine mkali zaidi. Ukingo ulio nje, ambao mpita njia anaweza kuuguswa, hautakiwi kuwa mkali. Mviringo wake usipungue nusu-kipenyo cha milimita 2.5. Mtoto wa ndugu yangu alikata madigadi ya trela kuyapunguza upana, akaacha ukingo kama wa kisu, na gari likarudishwa. Alinung'unika kuwa miaka mitatu ya kazi imekwama kwa ukingo wa bati. Nilimwambia ukingo ule haumkati dereva, humkata mtoto wa watu avukaye njia.

Nami hilo ndilo ninalotaka vijana wetu walichukue. Injini, usukani na kiti ni vya mwenye gari. Madigadi ni ya jirani: ya anayekuja nyuma kwa baiskeli, na ya bibi aliyesimama kituoni siku ya mvua. Tulifundishwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi kutouleta ni bora zaidi. Anayeunda gari na aanze kuyafikiria madigadi siku anayokata bomba la kwanza, asingoje siku ya mwisho, mfuko umekauka na subira imekwisha.