Kabla ya Koti: Wasee wa Garissa na Wajir Waliwekwa Wapi?

Ukishikwa leo, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema ufikishwe kotini ndani ya masaa 24. Zikiisha wikendi, ni siku ya kwanza koti ikifunguliwa. Ukinyimwa dhamana, unaenda rimandi.

Mabuda wetu hawakuwa na hiyo. Kutoka 1963 hadi 1991, North Eastern ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Seli zao zilikuwa hizi:

Garissa Primary, Novemba 1980. Maafisa wa serikali waliuawa, kisha mtaa wa Bulla Karatasi ukachomwa. Watu wakakusanywa kwa uwanja wa shule, siku kadhaa, bila chakula wala maji.

Wagalla, Wajir, Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walibebwa hadi uwanja wa ndege, ati wasalimishe bunduki. Wakavuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwa jua. Waliojaribu kutoroka wakapigwa risasi. Serikali ilisema wamekufa 57. Tume ya ukweli, TJRC, ikasema 2013 ni karibu 1,000.

Hapo hakukuwa na hakimu, wakili wala karatasi ya mashtaka. Ndio maana hizo masaa 24 si mchezo. Zijue.