Vikosi vya Mateke na Upana wa Kikosi

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake una ncha mbili na aghalabu huchukuliwa mikononi kuliko kupigwa kwa mguu, iko istilahi moja ambayo wafasiri wetu, kwa kuwa maneno yake ni mepesi, huigeuza upesi bila ya kuitazama ndani. Nayo ni ile ambayo Waingereza na Wamarekani huiita "special teams". Huandikwa "timu maalumu", na msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye amekwisha kulizoea neno maalumu katika Olimpiki Maalumu na katika vikosi maalumu vya polisi, hufahamu ama kwamba wanaotajwa ni wanamichezo wenye ulemavu, ama kwamba ni wateule waliochujwa kwa ushujaa wao kutoka katika kundi zima. Maana zote mbili ni njema mahali pake, walakini ya kwanza haihusiani na jambo hili, na ya pili ni karibu na kinyume cha kweli. Waswahili wengi sasa wanaishi Marekani na watoto wao wanasoma na kucheza huko, na habari za mchezo huo zinatufikia kila wiki. Kwa hiyo inastahiki tulipe jambo hili jina ambalo halitampoteza msikilizaji.

Sharti kwanza tuujue mchezo wenyewe. Kila upande huingiza watu kumi na mmoja katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 baina ya mistari miwili ya goli, na upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10; wakizipata, huanza tena kuhesabu, na wakishindwa, mpira huwa wa wenzao palepale ulipokomea. Basi likifika jaribio la nne na tamaa imekatika, wenye mpira huwa na njia mbili za busara: kuupiga teke la kujiokoa, ili adui aupate mbali na goli lao, au, kama wako karibu, kuupiga upite baina ya milingoti na juu ya mtambaa wa panya, wapate pointi 3. Mpira ukivushwa mstari wa goli, ambalo ni jambo la pointi 6, huongezwa teke dogo la pointi 1. Na baada ya kila pointi za namna hiyo hufuata teke la kuanzia upya. Kila teke lina upande unaolipiga na upande unaolipokea au kulikinga. Na kwa kuwa teke la pointi 3 na lile la pointi 1 hutumia kikosi kimoja, hupatikana vikosi sita, na kila kimoja kinataka watu kumi na mmoja. Yaani nafasi 66 zisizokuwa zile za washambuliaji kumi na mmoja na walinzi kumi na mmoja ambao watazamaji wanawajua kwa majina.

Zamani mgawanyo huu haukuwako. Watu wale wale walishambulia, wakalinda, na wakapiga mateke, kwa kuwa sheria haikumpa aliyetoka uwanjani njia rahisi ya kurejea. Mwaka 1941 vyuo vikuu vililegeza sheria hiyo, na mwaka 1945 Fritz Crisler, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, alipokabiliwa na chuo cha jeshi la Marekani kilichokuwa na nguvu kuliko vijana wake, aliwagawa watu wake makundi mawili, moja la kushambulia na moja la kulinda, wapokezane. Alishindwa siku ile, lakini hila yake ilisambaa. Mwaka 1953 sheria ikarudishwa nyuma, na mwaka 1965 ikafunguliwa tena wazi. Hapo ndipo ilipowezekana vyuoni kumweka mtu kikosini kwa ajili ya teke peke yake, na mwaka 1969 klabu mbili za kulipwa, Los Angeles Rams na Philadelphia Eagles, zikawaajiri Dick Vermeil na Marv Levy wawe walimu wa kazi hiyo. Kabla ya kupata jina la heshima, vikosi hivyo wachezaji wenyewe walikuwa wakiviita kwa jina lenye maana ya vikosi vya kujiua, nalo halikuwa jina la dhihaka tu.

Sasa tuulize ni nani hujaza nafasi hizo 66, maana jibu la swali hilo ndilo linalobatilisha neno maalumu. Watatu ni mafundi kweli: mpiga teke la milingoti, mpiga teke la kujiokoa, na yule ambaye kazi yake ni kuinama na kuurusha mpira nyuma baina ya miguu yake kwa masafa ya yadi 15 au karibu yake. Waliobaki, illa wachache, ni wachezaji wa akiba: mlinzi wa tatu katika nafasi yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajaaminiwa, kijana aliyejiunga kwa kujigharimia bila ya ufadhili wa masomo akitumaini kuonekana. Mwalimu huchelea kumtuma nyota wake akimbie yadi 50 kwa kasi zote na kugongana na mtu ajaye kwa kasi hiyo hiyo. Kwa hiyo humtuma asiyekuwa nyota. Ndiyo sababu rai yangu ni kwamba tuviite vikosi vya mateke, kwa umoja kikosi cha mateke, na anayevifundisha awe mwalimu wa vikosi vya mateke. Jina hilo linataja kazi yenyewe wala halidai cheo ambacho watu hao hawana. Nimesikia hoja kwamba yako matukio ambamo teke huwa la hadaa, mpira ukachukuliwa ukakimbizwa bila ya kupigwa. Lakini hadaa hiyo haiwi hadaa mpaka watu wajipange kwa teke, basi jina halidhuriki.

Hapa inatujia istilahi ya pili, ambayo haitengani na ya kwanza. Wamarekani husema kwamba kikosi kina kina, wakimaanisha kwamba chini ya kila mchezaji wa kwanza yuko wa pili na wa tatu wanaofaa, kwa kuwa majina yao huandikwa katika karatasi moja chini ya jingine kwenda chini. Sisi tumekwisha kuwa na neno letu, na ni sahihi vilevile: mashabiki wa kandanda wa Tanzania, wanapoisifu timu yenye wachezaji wa akiba wanaotegemewa, husema kwamba ina kikosi kipana. Hapana haja ya kuchimba kina mahali ambapo umma umekwisha kupima upana. Upana wa kikosi, basi, ndio msemo wa kutumia, na uhusiano wake na vikosi vya mateke ni huu: upana ukipungua, upungufu huonekana kwanza katika mateke. Mlinzi mkuu akivunjika, wa pili huchukua nafasi yake na aghalabu huondolewa katika mateke ili asichoke. Wa tatu hupanda, na nafasi yake katika kikosi cha mateke humwangukia mtu ambaye wiki iliyopita hakuwa na nafasi yoyote. Ulinzi una viraka vyake na washambuliaji wana vyao, lakini shati lililokatwa viraka hivyo ni kikosi cha mateke.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ninayoijua ni wa Chuo Kikuu cha Nebraska katika msimu wa 2021. Chuo hicho si kidogo. Kiliwahi kutwaa ubingwa wa taifa mara tano baina ya 1970 na 1997, na uwanja wake wa mji wa Lincoln umekuwa ukijaa watu katika kila mchezo tangu 1962. Mwaka huo kilishinda michezo 3 na kushindwa 9, na katika hiyo 9 hakuna hata mmoja ambao tofauti ilizidi pointi 9. Ukizijumlisha tofauti zote, ni pointi 56 tu. Timu iliyoshindwa hivyo si timu dhaifu. Ni timu iliyokuwa na mahali pamoja panapovuja.

Katika mchezo wa kwanza, dhidi ya Illinois, walikosa mateke mawili madogo ya pointi moja moja, na mpokeaji wao akaudaka mpira karibu mno na mstari wake mwenyewe, akawazawadia wapinzani pointi 2. Wakashindwa 30 kwa 22. Dhidi ya Oklahoma teke la pointi moja lilikingwa na mpira ukakimbizwa upande wa pili kwa pointi 2 za adui, na mateke mengine yakapotea. Wakashindwa 23 kwa 16. Wiki iliyofuata, tarehe 25 Septemba, walikuwa ugenini kwa Michigan State, wakiongoza 20 kwa 13, na walinzi wao walikuwa wamewabana wenyeji kipindi cha pili hata wasiweze kusogea. Kilichobaki ni teke moja la kujiokoa. Mpango ulikuwa kwamba mpira uende kulia, na watu wote kumi, ambao kazi yao ni kumkimbilia mpokeaji, wakaenda kulia. Mpira ukaenda kushoto. Jayden Reed wa Michigan State akaudaka mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumzuia, akakimbia yadi 62 mpaka mwisho. Mchezo ukawa sare, ukaongezewa muda, na Nebraska wakashindwa 23 kwa 20. Mnamo Novemba, Wisconsin waliurudisha mpira wa kwanza kabisa wa mchezo mpaka golini kwa Nebraska, na siku sita baadaye Iowa, waliokuwa nyuma 21 kwa 6, walilikinga teke la kujiokoa wakalifanya kuwa pointi, wakashinda 28 kwa 21.

Wako waliosema kwamba hiyo ni bahati mbaya. Mimi siikubali rai hiyo, kwa kuwa bahati haina desturi ya kurudi mlango mmoja mara tano. Baada ya msimu huo mwalimu mkuu, Scott Frost, alimteua Bill Busch ashike vikosi vya mateke. Hata hivyo, katika mchezo wa kwanza wa 2022, uliochezwa Dublin nchini Ireland, Frost, hali akiongoza 28 kwa 17, aliagiza teke fupi la kujitwalia mpira, wapinzani wao Northwestern wakaupata, na mwisho wakashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadaye Frost aliondolewa kazini.

Insafu yanitaka niseme kwamba udhaifu huu huwapata hata wenye kikosi kipana kuliko wote, kwa sababu nyingine. Tarehe 30 Novemba 2013 Alabama, waliokuwa wa kwanza katika nchi nzima, walikuwa sare 28 kwa 28 na Auburn, ikabaki sekunde moja. Wakachagua kupiga teke la yadi 57. Teke likapungua, na Chris Davis wa Auburn, aliyekuwa amewekwa nyuma kabisa kwa tahadhari, akaudaka mpira akaukimbiza uwanja mzima, mchezo ukaisha 34 kwa 28. Watu waliokuwa uwanjani kwa Alabama walikuwa majabali ya watu, waliochaguliwa kwa unene wao wasimame kama ukuta ili teke lisikingwe; hawakuwa na miguu ya kumfukuza mkimbiaji. Kikosi cha mateke hutengenezwa kwa kazi moja, na kazi ikigeuka ghafula, hakina watu wa kazi ya pili.

Wala tusilitaje jambo hili kana kwamba ni hesabu ya pointi tu. Mwezi Oktoba 2010 Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers, kijana mwenye umri wa miaka ishirini, alikimbia katika teke la kuanzia, akagongana na mchukuaji wa mpira, akavunjika shingo na kupooza. Mwaka 2012 sheria za vyuo zilisogeza teke la kuanzia mbele yadi 5, ili mipira mingi ivuke uwanja isikimbizwe, na mwaka 2018 mpokeaji akaruhusiwa kuudaka mpira kwa amani na timu yake kuanzia yadi ya 25. Sheria hizo zimepunguza migongano, na sina majuto juu ya mbio zilizopotea.

Linalobaki ni idadi. Vyuo vilipewa kikomo cha ufadhili wa wachezaji 105 mwaka 1973, kikashushwa kuwa 95 mwaka 1978, na katika miaka ya 1990 kikawa 85. Waliojigharimia hawakuhesabiwa, na Nebraska, tangu enzi za walimu wake Bob Devaney na Tom Osborne, ilijipatia sifa kwa kuwakusanya vijana wa mashambani na miji midogo ya jimbo hilo, ambao wengi wao walianza kuitumikia timu katika mateke. Mwezi Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi kubwa baina ya wanamichezo na chama cha michezo cha vyuo, na kwa mujibu wake kikomo cha ufadhili kikaondolewa, badala yake vyuo vilivyoikubali suluhu hiyo vikawekewa kikomo cha orodha nzima, watu 105, mwenye ufadhili na asiyekuwa nao wakihesabiwa sawa. Vyuo vilivyozoea kuwa na watu mia na ishirini au zaidi vimelazimika kupunguza. Jaji alishikilia kwamba wale walioondolewa kwa ajili ya kikomo hicho wapewe ruhusa ya kurudishwa bila ya kuhesabiwa; lakini ruhusa hiyo ni ya waliokuwako, si ya wanaokuja, na wakishamaliza masomo yao, mwalimu wa vikosi vya mateke atazijaza nafasi zake 66 kutoka katika wale 105 peke yao.