Korosho za babu na daraja la Ronin

Najua nimepotea, testi tatu wiki moja na bumu nalo lilikuwa linasuasua. Leo nina kahistoria kadogo. Juzi usiku mwenzangu wa chumbani kaniuliza, hivi tokeni ikihamishwa kutoka blokucheni moja kwenda nyingine, inasafirije? Nikamwambia haisafiri. Tukabishana mpaka saa nane.

Jamani, haisafiri kweli. Kwetu kusini babu akipeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi. Korosho zinalala pale pale, inayotembea ni karatasi. Madaraja mengi ya tokeni yako hivyo: zako zinafungiwa huku, kule unapewa nakala ya thamani ile ile. Ukirudi, nakala inafutwa na zako zinafunguliwa.

Sababu ya usumbufu wote huo ni foleni. Ethereum ilianza Julai 2015, na miaka ile ilimudu kama miamala 15 tu kwa sekunde, kwa dunia nzima. Mwishoni mwa 2017 ukaingia mchezo wa CryptoKitties, watu wazima wananunua paka wa kuchorwa (msicheke), mtandao ukajaa. Na pale anayetoa ada kubwa ndiye anayepita mbele, kama wale wanaopandia dirishani kwenye daladala.

Kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, wenye mchezo wa Axie Infinity, mapema 2021 ikahamia mnyororo wake wa pembeni, Ronin, na daraja lake. Ada zikashuka. Wafilipino wengi, korona imewafungia nyumbani, walikuwa wanacheza ule mchezo kupata hela ya kula. Kwa hiyo ghala lile halikuwa la matajiri peke yao.

Sasa sikia. Wenye funguo walikuwa tisa, saini tano zinatosha kufungua mlango. Nne zilikuwa za Sky Mavis wenyewe. Novemba 2021, wateja walipofurika, Axie DAO iliyokuwa na ufunguo mmoja ikawaruhusu wasaini kwa niaba yake. Desemba mpango ukaisha, ila ruhusa hakuna aliyeifuta. Nne na moja, hesabu mwenyewe! Tarehe 23 Machi 2022 wezi waliovamia mitambo ya kampuni wakaondoka na ETH 173,600 na USDC milioni 25.5, jumla zaidi ya dola milioni 600. Siku sita hakuna aliyeshtuka, mpaka mteja mmoja alipotaka kutoa ETH 5,000 ikagoma. Siku zote hizo watu waliendelea kununuliana stakabadhi za ghala tupu. Aprili FBI wakasema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Kampuni ikachangisha hela, Juni 2022 daraja likafunguliwa tena na wateja wakarudishiwa. Ethereum nayo Machi 2024 ilifanya mageuzi ya Dencun, ada kwenye minyororo inayojengwa juu yake zikaporomoka. Lakini kuingia huko, mara nyingi bado unapita darajani.

Mwenzangu ana vitokeni vyake vya kama elfu hamsini, kavinunua kwa bumu, na usiku ule ule alitaka kuvihamisha. Nikamuuliza wenye funguo za hilo ghala ni wangapi. Mpaka leo anatafuta. Mwenye jibu amwandikie hapo chini, mimi nakimbilia semina ya saikolojia ya elimu.