Barabara ya Kwenda Tay Ninh

Katika nchi ya Vietnam iko barabara itokayo mji wa Saigon, ambao tangu mwaka 1976 huitwa Mji wa Ho Chi Minh, ikielekea kaskazini-magharibi upande wa Kambodia. Mpaka Tay Ninh ni mwendo wa karibu kilometa 100. Gari likiondoka asubuhi, msafiri huweza kuona kazi za mikono za wenyeji, kuhudhuria ibada ya adhuhuri katika hekalu la dini iliyozaliwa katika pande hizo, kisha akarudi kwa kupitia mahandaki ya vita ya Cu Chi, na jioni akawa mjini tena.

Vita vya Vietnam vimesimuliwa mno na Wamarekani, katika vitabu na katika sinema, hata kijana wa kwetu aweza kudhani kwamba vilikuwa ugomvi wa watu wawili tu, Mmarekani na Mkomunisti. Walioishi kandokando ya barabara hii hawakuvijua vita vya namna hiyo. Wao walikuwa na mabwana wengi, wengine wa kigeni na wengine wa kwao, na mara nyingi iliwapasa kuchagua kati yao bila kupewa nafasi ya kufikiri.

Tuanze na kazi za mikono. Njiani vipo viwanda vidogo vya laka, na baadhi yake huajiri watu wenye ulemavu. Laka ni utomvu wa mti uitwao "son", unaolimwa hasa Phu Tho, kaskazini ya nchi. Mti huchanjwa gome na utomvu ukakingwa, kama vile mpira ugemwavyo. Utomvu mbichi huwasha ngozi na kuivimbisha, basi fundi mgeni huteseka kwanza kabla mwili wake haujauzoea. Ubao hupakwa tabaka moja, ukaachwa mpaka ugande, ukasuguliwa kwa maji, kisha ukapakwa tena, hata tabaka zikafika kumi au kupita. La ajabu ni kwamba laka haigandi vyema juani; huhitaji hewa yenye unyevu. Tena haikubali kutoa rangi nyeupe safi. Mafundi walipotaka weupe walivunja maganda ya mayai ya bata vipande vidogo vidogo, wakavipanga kimoja kimoja juu ya ubao kwa subira kubwa.

Ufundi huo ni wa kale, lakini picha za laka zitazamwazo leo ukutani zina asili ya karibu zaidi. Mwaka 1925 Wafaransa walifungua chuo cha sanaa mjini Hanoi, na katika miaka ya 1930 wanafunzi wake Wavietnam waliichukua laka ya masanduku na madhabahu wakaifanya kuwa rangi ya mchoraji. Nguyen Gia Tri, aliyezaliwa mwaka 1908, alipata sifa kuu katika kazi hiyo. Mkoloni alileta chuo, na wenyeji wakakitumia kwa jambo lao wenyewe.

Kuhusu ulemavu, yafaa msomaji ajue neno moja. Kati ya mwaka 1961 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam ya Kusini, ili adui akose maficho na chakula. Misitu ya Tay Ninh ilikuwa miongoni mwa iliyonyunyizwa. Dawa iliyotumiwa zaidi ilikuwa na sumu iitwayo dayoksini, ambayo hukaa udongoni muda mrefu.

Mbele kidogo ni Trang Bang, mahali penye sifa ya mikate myembamba ya mchele, ambayo baada ya kuokwa huanikwa nje usiku ili ilainishwe na umande. Lakini jina la Trang Bang lilivuma duniani kwa sababu nyingine. Tarehe 8 Juni 1972 wanakijiji waliokimbia mapigano walikuwa wamejificha katika hekalu la dini ya Cao Dai kando ya barabara hii. Ndege zikaangusha napalmu, ambayo ni moto ugandao mwilini. Mtoto wa miaka 9, Phan Thi Kim Phuc, alitoka mbio barabarani akiwa uchi, nguo zake zimeungua, na picha yake ikatangaa ulimwengu mzima. Watu wengi waitazamapo husema, "Tazama walivyofanya Wamarekani." Kwa kweli ndege zile zilikuwa za jeshi la Vietnam ya Kusini, yaani serikali ya nchi yake mwenyewe, ingawa silaha zilitoka Marekani. Mtoto yule alipona baada ya matibabu marefu, na alipokuwa mtu mzima alihamia Kanada.

Hekalu lililowaficha watu wale lilikuwa tawi tu. Kiti kikuu cha dini ya Cao Dai ni Tay Ninh, karibu na mlima Nui Ba Den, maana yake Mlima wa Bibi Mweusi, wenye urefu wa meta 986. Wakati wa vita Wamarekani walikaa kileleni na mitambo yao ya redio, na wapiganaji wa msituni wakakaa mapangoni katika mlima huo huo.

Dini yenyewe ilitangazwa mwaka 1926. Waanzilishi wake wengi walikuwa watumishi wa serikali ya Kifaransa: Ngo Van Chieu alikuwa ofisa wa utawala, na Pham Cong Tac alikuwa karani wa forodha. Hao walikuwa watu waliosoma Kifaransa mchana ofisini na usiku wakakutana kuita roho za waliotangulia. Walifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba dini zote zina asili moja. Katika hekalu kuu, lililojengwa tangu miaka ya 1930 na kufunguliwa rasmi mwaka 1955, nguzo zimezungukwa na mazimwi ya rangi, na mbele kabisa liko Jicho moja kubwa, jicho la kushoto, alama ya Mungu aonaye yote. Ibada ni mara nne kwa siku. Waumini huvaa mavazi meupe. Viongozi huvaa manjano kwa ajili ya Ubuddha, buluu kwa ajili ya Utao, na nyekundu kwa ajili ya mafundisho ya Confucius. Mlangoni ipo picha ya watakatifu watatu, na mmoja wao ni Victor Hugo, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1885. Wageni wengine hucheka waionapo. Mimi sioni la kucheka. Mtu aliyetawaliwa na Wafaransa alichagua Mfaransa aliyewatetea maskini, akampa kiti mbinguni, na magavana wakaachwa nje.

Magavana hawakufurahi. Mwaka 1941 walimkamata Pham Cong Tac wakampeleka uhamishoni Madagaska. Huko vita vya dunia vilimfuata, maana mwaka 1942 Waingereza walikiteka kisiwa hicho, na katika majeshi yao walikuwamo askari wa KAR waliotoka Afrika ya Mashariki. Alipokuwa mbali, wafuasi wake walipata silaha kwa Wajapani. Vita vilipokwisha waligombana na Viet Minh, chama cha Ho Chi Minh kilichopigania uhuru, na damu ikamwagika pande zote mbili. Mwaka 1946 Wafaransa walimrudisha Pham Cong Tac nyumbani, na jeshi la Cao Dai likapigana upande wao. Hata hivyo mwaka 1951 jemadari mmoja wa jeshi hilo, Trinh Minh The, aliondoka na watu wake akawapinga Wafaransa na Viet Minh kwa pamoja. Wafaransa walipokwisha kushindwa mwaka 1954, serikali mpya ya Ngo Dinh Diem ilivunja jeshi la Cao Dai, na Pham Cong Tac akakimbilia Kambodia, akafia huko mwaka 1959. Baada ya mwaka 1975 Wakomunisti nao waliibana dini hiyo, na hawakuitambua rasmi mpaka mwaka 1997. Mwenye kutaka kuwaita watu hawa vibaraka, na aseme kwanza walikuwa vibaraka wa nani.

Alasiri magari hurudi Cu Chi. Uchimbaji wa mahandaki ulianza katika miaka ya 1940, wakati wa kuwapiga Wafaransa, tena kwa majembe madogo na vikapu. Udongo wa hapo ni mgumu kama tofali ukikauka. Katika miaka ya 1960 njia hizo zilipita kilometa 200 kwa jumla, zenye ghorofa tatu mahali pengine, na ndani mlikuwa na visima, hospitali na ghala. Matundu ya hewa yalifichwa katika vichuguu. Moshi wa jikoni ulipitishwa katika mifereji mirefu, ukatokea mbali kama ukungu mwepesi wa asubuhi. Wapiganaji walikula mihogo, na miguuni walivaa ndara za matairi, zile tuitazo akala.

Januari 1966 askari wapatao 8,000 wa Marekani na Australia waliisaka nchi hiyo. Muda si mrefu Wamarekani walijenga kambi kubwa Cu Chi, na usiku wakashambuliwa na watu waliotokea chini ya miguu yao. Januari 1967 walikuja askari wapatao 30,000. Kijiji cha Ben Suc kilihamishwa chote, nyumba zikasawazishwa kwa tingatinga. Mahandaki hayakwisha.

Ushujaa huo ni kweli, ila waongozaji wa wageni husahau kueleza gharama yake. Watu waliishi gizani pamoja na siafu na nge. Malaria iliwaua wengi. Na mabomu ya ndege za B-52 yaliyachimbua mahandaki mengi baada ya mwaka 1968. Njia wanazopita wageni siku hizi zimepanuliwa ili Mzungu apenye. Jirani pana uwanja ambapo mtalii hununua risasi, akafyatua bunduki za vita kwa kujifurahisha. Milio yake husikika mpaka mahandakini.

Huko Ben Duoc liko hekalu la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 1995. Kutani mwake yamechongwa majina zaidi ya 44,000 ya waliokufa upande ulioshinda, yamepangwa kwa mahali walikotoka. Vijana wa Kusini waliokufa katika jeshi la serikali, ambao wengine walizaliwa katika vijiji hivyo hivyo, hawamo.