Redio ya Kampuni mjini Nairobi na Kiswahili cha Katanga (1928–1964)

Mwaka 1928 mambo mawili yalitukia katika Kenya ambayo yangestahili kukutana, lakini hayakukutana. Mjini Mombasa, mkutano wa wajumbe wa makoloni ya Kiingereza uliafiki kwamba lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mjini Nairobi, kampuni moja ya binafsi iitwayo British East African Broadcasting Company ilianza kupeleka sauti hewani. Lugha iliyokuwa inawekewa msingi pwani ndiyo iliyosikika katika masoko, karakana na vituo vya reli vya Nairobi. Hata hivyo chombo kipya cha sauti hakikuwa na habari nayo, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya Kiswahili kupata hata saa chache mbele ya kinasa sauti.

Katanga nayo ilikuwa katika mageuzi yake. Katika miaka hiyohiyo Union Minière du Haut-Katanga iliacha desturi ya kuleta wanaume wa mkataba mfupi na kuwarudisha kwao, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake zao katika kambi za migodi. Watoto waliozaliwa humo walipata Kiswahili kama lugha ya nyumbani, Kiswahili chenye sura yake, ambacho hakikungoja uamuzi wa Mombasa wala wa mahali pengine. Miaka thelathini baadaye vijana wawili wa nchi hiyo walikuja kuimba katika redio ya Nairobi. Ni vema kueleza kwanza jinsi redio hiyo ilivyokuwa, maana bila kulijua hilo safari yao haieleweki.

Kampuni ya mwaka 1928 haikuundwa kwa mapenzi ya utangazaji. Faida iliyotazamiwa ilikuwa katika simu za upepo kati ya koloni na Uingereza. Vipindi vya redio vilikuwa kama mzigo uliofungwa pamoja na bidhaa. Wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa walowezi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1931, Wazungu wa Kenya hawakutimia 17,000, nao walitawanyika katika mashamba yaliyo mbalimbali. Kituo kilijulikana kwa jina la mitambo, VQ7LO, na herufi mbili za mwisho ni zilezile za 2LO, kituo cha kwanza cha London. Ufanano huo watosha kuonyesha masikio yalielekezwa wapi. Habari za Uingereza, muziki wa Uingereza, bei za mazao: ndivyo mlowezi wa Nakuru alivyotaka kusikia jioni, na ndivyo alivyopewa.

Biashara ya wasikilizaji wachache haikupata kuwanda. Katika mwaka 1931 kazi ilichukuliwa na Imperial and International Communications, kampuni kubwa ya simu za nyaya na za upepo, ambayo katika mwaka 1934 ilibadili jina ikawa Cable and Wireless. Kwa mkataba wa miaka mingi ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kutangaza, na mapato ya utangazaji yalitegemea ada za leseni walizolipa wenye redio. Hapo pana kiini cha jambo. Kampuni iliyolindwa dhidi ya mshindani, yenye mapato yatokayo kwa wenye kununua chombo cha bei ghali, haina sababu ya kumtafuta msikilizaji asiye na chombo. Mwafrika wa Pumwani hakuwa na redio. Kwa hiyo hakutangaziwa. Na kwa kuwa hakutangaziwa, hakuwa na sababu ya kutamani redio. Duara hilo lilidumu, na haitoshi kulieleza kwa chuki ya rangi pekee, ingawa chuki hiyo ilikuwapo.

Kulinganisha na Léopoldville kwafaa. Huko nako redio ilianza kwa mikono isiyo ya serikali: Wayezuiti walifungua Radio Léo mwaka 1937, na katika mwaka 1939 Mbelgiji mmoja, Jean Hourdebise, akafungua kituo chake mwenyewe, Congolia. Hourdebise hakuwa na kampuni ya simu nyuma yake. Pamoja na hayo kituo chake kidogo ndicho kilichowapa Wakongomani vipindi katika lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, na vipaza sauti viliwafikishia wakazi wa cité ambao hawakuwa na chombo nyumbani. Congolia ilifungwa mwaka 1948, na serikali ya koloni ikaanzisha vipindi vyake kwa Waafrika mwaka uliofuata. Mtu mmoja mwenye mitambo hafifu alifanya katika miaka tisa lile ambalo kampuni yenye matawi ulimwenguni kote haikulifanya Nairobi katika muda mrefu kuliko huo. Basi neno «redio ya binafsi» lisichukuliwe kana kwamba lina maana moja. Yapasa kuuliza kila mara mwenye redio alilipwa na nani.

Kiswahili kiliingia katika redio ya Nairobi kwa mlango wa vita. Kuanzia mwaka 1939 maelfu ya vijana waliandikwa katika King's African Rifles na vikosi vya uchukuzi, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Jamaa zao walitaka habari, na serikali ilitaka watulie. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa na idara ya habari ya serikali, kampuni ikatoa mitambo. Vipaza sauti viliwekwa mahali pa mkutano wa watu. Jeshi lilikuwa pia na kikosi cha burudani, na humo alipita Fundi Konde, mpigaji gitaa wa pwani ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa sauti mashuhuri za Kiswahili katika santuri. Vita vilipokwisha vipindi havikuondolewa, lakini havikupewa mali wala muda wa kutosha.

Mlango wa pili ulikuwa wa hofu. Hali ya hatari ilipotangazwa katika Oktoba 1952 kwa ajili ya Mau Mau, serikali iliona kwamba haina njia ya kuwasemesha watu isipokuwa kwa karatasi na kwa bunduki. Mwaka 1953 huduma ya matangazo kwa Waafrika ikaundwa, yenye Kiswahili pamoja na lugha kadhaa za nchi, na Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita. Kwa upande wa chombo chenyewe njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Lusaka, ambako mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ya betri kwa pauni 5, iliyoitwa «sufuria» kwa kuwa umbo lake lilitengenezwa kwa bati la sufuria. Redio ya namna hiyo, na baada yake redio ndogo za transista, ziliivunja ile duara iliyotajwa juu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mfanyakazi wa reli aliweza kuwa na redio yake, na karani hakuona ajabu kuwa nayo. Mkataba wa Cable and Wireless ulimalizika, na mwaka 1959 utangazaji ukawekwa chini ya Kenya Broadcasting Service.

Hapo wenye bidhaa waliamka. Mwuza dawa ya kichwa hana haja na mlowezi mmoja mwenye shamba la ekari elfu. Ana haja na watu elfu wenye shilingi moja. Na watu elfu hao, kutoka Kisumu hadi Mombasa, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na Wagiriama, hawakuwa na lugha nyingine iliyowaunganisha ila Kiswahili. Hesabu hii ambayo kampuni ya simu haikupata kuifanya kwa miaka thelathini, mwuza dawa aliifanya kwa siku moja.

Mtu aliyeitambua mapema kuliko wengine ni Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa na ujuzi wa muziki na wa matangazo ya biashara. Colmore alielewa kwamba tangazo lililosomwa tu hupita kama upepo, bali wimbo hubaki kinywani mwa watu. Akawatafuta waimbaji wa Kiswahili waliokwisha kujulikana kwa santuri, naye hakuishia Kenya. Aliwaleta kutoka Katanga Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, ndugu kwa ukoo. Mwenda aliimba kwa ajili ya Aspro, vidonge vya maumivu, karibu na mwaka 1959. Masengo aliimba kwa ajili ya Coca-Cola, naye alikaa Kenya muda mrefu zaidi, mpaka wasikilizaji wengi wakamhesabu kama mwenyeji.

Yafaa kukumbuka walikotoka. Mwenda, mzaliwa wa mwaka 1930 na mtu wa Wayeke wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wimbo wake «Masanga» ulipewa tuzo, na santuri zake zilizotolewa na Gallotone ya Afrika Kusini zilivuka mipaka ya makoloni bila kuuliza nani anatawala wapi. Upigaji wake, wa kidole gumba na kidole cha shahada, kila kimoja kikishika mwendo wake, uliwashangaza wapigaji wa Afrika ya Mashariki, hasa wale wa Kenya ya magharibi, ambao wengi wao walijifunza kwa kuirudia santuri mpaka ikachakaa. Kwa hiyo Colmore hakuwaleta wageni wasiojulikana. Alinunua sifa iliyokwisha kujengwa katika kambi na mitaa ya wafanyakazi wa Katanga.

Sasa tufike kwenye lugha, maana hapo ndipo jambo lenyewe linapowahusu wanafunzi wa Kiswahili katika Kongo. Redio ya serikali katika Nairobi ilishika Kiswahili sanifu, kile kilichosimamiwa tangu 1930 na kamati ya lugha ya makoloni. Mtangazaji alisema «watu wanakuja». Mtu wa Kenya, yaani mtaa wa Élisabethville wenye jina hilohilo la nchi, angesema «bantu banakuya», na penye «ndiyo» angetia «njo». Katika mizani ya kamati hayo ni makosa. Katika wimbo wa gitaa hayakuwa makosa; yalikuwa ladha. Msikilizaji wa Nakuru aliyezoea kuambiwa na mwalimu kwamba Kiswahili chake ni cha ovyo alisikia sasa, kutoka katika chombo kilekile kilichompa amri na habari za serikali, Kiswahili kingine kilichotoka mbali na bara, kisicho na haya, kikisifiwa na kulipiwa fedha.

Isidhaniwe kwamba mwenye Aspro au mwenye Coca-Cola alikuwa mpenzi wa lahaja. Hakujali. Lakini kutojali kwake kulikuwa na faida ambayo kujali kwa kamati hakukuwa nayo: alipima maneno kwa kueleweka na kupendwa tu. Tena, Mwenda na Masengo walikuwa wajanja wa lugha. Walioishi safarini kati ya miji hujua kubadili usemi kwa kufuata masikio yaliyo mbele yao, na Masengo hasa, kwa kadiri alivyokaa Nairobi, alikisogeza Kiswahili chake karibu na cha wenyeji. Kulikuwa na kukutana, si upande mmoja kumeza mwingine. Wataalamu walioandika juu ya kuenea kwa Kiswahili wamezoea kuchora mshale mmoja, kutoka pwani kwenda bara, kutoka Zanzibar kupita Tabora na Ujiji hadi Lualaba. Mshale uliorudi, kutoka Likasi kwenda Nairobi, kwa gitaa na kwa tangazo la vidonge, haumo katika ramani zao.

Katika Katanga yenyewe mambo yalikuwa mengine. Redio ya koloni ilikuwa chini ya serikali, na mfanyabiashara hakuwa na nafasi ya kumwita mwimbaji wa Jadotville na kumpa kipindi. Mwenda alihitaji kwenda kwa watu wa lugha nyingine ya utawala ili apate redio ya kumlipa kwa Kiswahili. Kuanzia Julai 1960 mpaka Januari 1963 Katanga ikawa katika kujitenga na vita, na Nairobi ikazidi kuwa mahali ambapo sauti ya Katanga ilisikika kwa amani.

Redio ya Nairobi nayo haikukaa mikononi mwa biashara. Katika Julai 1961 iliundwa Kenya Broadcasting Corporation, shirika lililotarajiwa kujitegemea, likisaidiwa na makampuni ya ng'ambo yaliyokuwa na hamu ya televisheni. Televisheni ilianza mwaka 1962 na gharama zake zikala zaidi ya kilichoingia. Matangazo ya bidhaa yalilipa redio, yasiweze kulipa picha. Tarehe 1 Julai 1964 serikali ya uhuru ililitwaa shirika na kuliita Sauti ya Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba chombo cha taifa hakiwezi kuachiwa fedha za wageni, na ni sababu yenye uzito, ingawa iliifanya redio iwe tena na bwana mmoja.

Lakini matangazo ya biashara hayakuondolewa. Sauti ya Kenya iliendelea kuyapokea, na mengi yalipitia huduma ya taifa, yaani ile ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na wasikilizaji. Vipindi vya Kiingereza, ambavyo kampuni ya mwaka 1928 ilianzishwa kwa ajili yake, vilikuwa sasa na wasikilizaji wachache kuliko hivyo.