Sinema ya Serikali na Macho ya Watazamaji

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na kila atazamaye picha huitazama kwa haja zake. Jambo hili liliwatatiza sana Waingereza waliotaka kuwafunza watu wa Afrika kwa sinema.

Katika mwaka 1935 ulianza Tanganyika mradi wa Bekefilm, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hata ulipokoma mwaka 1937, ulikuwa umekwisha kutengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, kodi na akiba ya posta. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda mjini London Idara ya Filamu za Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya nchini Nigeria. Sellers alifundisha kuwa jicho la mwanakijiji wa Afrika halijazoea picha; kwa hiyo filamu yapasa kwenda polepole, ieleze jambo moja moja, wala isiwe na hila za kamera.

Ushahidi wa madai hayo aghalabu ulikuwa hadithi. Iliyo mashuhuri ni ile ya John Wilson, ambayo mwanazuoni wa Kanada, Marshall McLuhan, aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Filamu ya dakika tano hivi ilionyesha namna ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu karibu na nyumba, ili mbu wasizaliane. Watazamaji wapatao 30 walipoulizwa wameona nini, walijibu kuwa wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Walipoikagua picha kwa picha walimkuta: alikurupuka, akapita pembeni kwa muda wa sekunde moja.

Wilson na McLuhan walilichukua jibu lile kuwa dalili ya macho yasiyofundishwa kutazama picha nzima. Walakini hadithi hiyo hiyo yaweza kushuhudia kinyume. Wenye macho yaliyofundishwa waliipiga picha, wakaikata na kuiunga, wala wasimwone kuku. Kila upande uliona kilichokuwa na uzito kwake: huku makopo na mbu, huku mali ya nyumbani ikitimuliwa. Tofauti ilikuwa ya maisha, si ya akili.

Tena, katika miaka ile ile ya 1950, watu wa Unguja walimiminika kutazama Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Lugha yake ni Kihindi, urefu wake wapita saa mbili na nusu, na ndani yake mna ndoto iliyojaa hila za kamera. Hata wasioijua lugha ile waliifuata, wakajadiliana juu ya mapenzi na amri ya wazazi kana kwamba kisa kimetokea mtaani kwao.

Mwaka 2000 mwanahistoria James Burns alieleza jinsi hadithi za watazamaji wasioelewa zilivyozunguka kutoka koloni hadi koloni, zikashika mahali pa uchunguzi. Gharama yake haikuwa ndogo: watu wazima walihesabiwa kuwa watoto, wakapewa picha za kitoto. Kwa miaka mingi mtazamaji ndiye aliyepimwa, na filamu ikaachwa bila kupimwa.